Treni Inayongoja Inamdai Nani?

Kwenye meza ya keja yangu hapa Kawangware kuna treni mbili. Si za kujivunia. Nilizipata Toi Market, kwenye rundo la midoli ya mitumba, katikati ya wanasesere waliong'olewa macho na magari yasiyo na magurudumu. Mwenye kibanda alitaka elfu tatu, tukaelewana elfu moja mia nane. Injini mbili, moja ya kijani na moja nyekundu, mabehewa sita, na mfuko wa vipande vya reli vya kutosha kuzunguka meza. Nilipofika nyumbani nilipima upana kutoka reli hadi reli kwa rula: milimita 16 na nusu. Huo ni upana wa kawaida kabisa kwa wanaocheza na treni ndogo, na injini zake nyingi hutumia volti 12, mkondo wa aina ya betri. Adapta ya ruta yangu ya zamani ilikuwa ya volti 12. Nikaichukua kama ishara.

Kazi yangu ni kuandika. Watu ambao sitawahi kuwaona hunitumia vichwa vya makala mtandaoni, nami nawaandikia: godoro lipi linafaa mgongo, mbwa mzee ale nini, bima ya safari ina faida gani. Nimeshauri watalii wa nchi ambazo hata pasipoti ya kuziendea sina. Ni kibarua cha kukaa peke yako masaa mengi, na nilitaka kitu chumbani kinachotembea bila kuniomba chochote. Treni moja kwenye duara inachosha baada ya dakika kumi. Kwa hivyo nilitaka mbili, na nilitaka zijiendeshe zenyewe huku mimi nikiandika habari za magodoro.

Hapo ndipo shida ilianza. Treni hizi hupata stima kutoka kwa reli zenyewe. Reli ya kushoto ni kama waya mmoja, ya kulia waya wa pili, na magurudumu yanaipeleka stima kwenye mota. Ukiweka injini mbili kwenye duara moja na kuwasha, zinaondoka zote kwa pamoja. Na hakuna injini mbili zilizo sawa, hasa za mitumba. Moja ina mota iliyochoka, nyingine ina haraka zake. Mzunguko wa tatu au wa nne, ile ya haraka inaigonga mwenzake mgongoni. Huwezi kuziambia zivumiliane. Reli ni moja.

Dawa yake ni ya zamani na haihitaji kompyuta. Upande mmoja wa duara unaigawa reli ziwe njia mbili zinazokwenda sambamba, kama stesheni ndogo, kila treni ipate pa kusimama. Mwisho wa kila njia unakata reli moja kwa msumeno wa chuma, uache pengo la milimita moja hivi, ili kipande kile kijitenge na stima ya duara. Kisha unakilisha kwa waya wake chenyewe kupitia rilei, yaani swichi inayosukumwa na stima badala ya kidole. Rilei ikilala upande huu, njia ya kwanza ina uhai na ya pili imekufa. Ikilala upande ule, ni kinyume. Treni ikiingia kwenye kipande kilichokufa inasimama, hata kama duara lote limejaa stima.

Sasa, nani anaigeuza rilei? Hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Chini ya tumbo la kila injini unabandika kisumaku. Katikati ya reli, pale kipande cha kusimamia kinapoanzia, unaweka swichi ya sumaku: kichupa cha kioo chembamba, ndani yake vipande viwili vya chuma ambavyo havigusani mpaka sumaku ipite juu. Treni ya kijani inatoka, inazunguka, inarudi kwenye njia yake. Ikipita juu ya kichupa, vyuma vinagusana na rilei inageuka. Iliyofika inakatiwa stima, na papo hapo iliyokuwa ikingoja inapewa. Rilei hiyo hiyo inasogeza reli za makutano ili anayetoka apate njia. Nyekundu nayo inazunguka, inarudi, inapita juu ya kichupa chake, na ya kijani inaamka. Hakuna saa inayohesabu dakika. Hakuna bosi. Anayefika ndiye anayemfungulia aliyengoja.

Ilinichukua wiki tatu. Jaribio la kwanza niliunguza koili inayosogeza reli za makutano, kwa sababu niliiachia stima mfululizo wakati yenyewe inataka kofi moja tu. Fundi mmoja wa redio pale Luthuli Avenue alinicheka kwanza, kisha akanionyesha jinsi ya kuweka kapasita katikati: inajaa, inamwaga mara moja, inanyamaza. Injini nazo zilikuwa zinaruka kwenye kona kwa volti 12 kamili, akaniambia nipange dayodi kadhaa kwa mfuatano, kila moja ile karibu volti 0.7, mpaka mwendo uwe wa heshima.

"Ulisomea hii kitu?" akaniuliza.

"Miaka miwili."

"Halafu?"

"Halafu nikasimama."

Nilisema "nikasimama." Sikusema "nikaacha." Nilipokuwa kwenye matatu nikirudi nyumbani ndipo nilipojisikia nimelisema.

Usiku mmoja, mitambo ikiwa imefanya kazi siku nne bila kosa, nilitoka kwenda dukani kununua maziwa. Nikakutana na jirani, tukapiga stori za kodi na maji, nikarudi baada ya kama dakika arobaini. Nilipofungua mlango nilisikia treni inazunguka na nikaridhika. Nilichemsha chai. Nilikuwa nimeshakunywa nusu kikombe kabla ya kugundua kwamba ni ile ya kijani peke yake inayozunguka. Nyekundu ilikuwa imesimama palepale nilipoiacha.

Sumaku ya ile ya kijani ilikuwa imebanduka. Ilikuwa imelala kando ya reli, ndogo kama punje ya hindi. Kila mara treni ya kijani iliporudi nyumbani ilipita juu ya kichupa, na kichupa hakikuhisi kitu. Kwa rilei, haikuwa imefika. Kwa hivyo njia yake ilibaki na uhai, ikapitiliza, ikaenda tena. Na nyekundu ikabaki kwenye kipande kilichokufa.

Kilichonishika ni jinsi kila kitu kilivyoonekana sawa. Hakuna kilichogongana na kingine. Hakuna waya uliotoa moshi. Mgeni angeingia angesema, mbona treni yako inaenda vizuri. Na treni ya kijani yenyewe haikuwa na kosa lolote: ilifanya kile treni hufanya ikipewa stima. Nikakaa chini nikamfikiria dadangu.

Tulikulia Voi. Ukikulia Voi unajua treni. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka wa 1901, ni njia moja kwa sehemu kubwa, na treni mbili zinazotazamana hupishana stesheni. Moja inaingia njia ya pembeni, inangoja. Utotoni tulikuwa tunasimama na dadangu kuhesabu mabehewa ya mizigo yakipita, huku treni nyingine imesimama kando inapumua. Hakuna mtu aliyeionea huruma ile iliyosimama. Tulijua ikishapishwa itaondoka.

Mathe alikuwa na kibanda cha chakula karibu na stendi ya magari. Chapati, maharagwe, chai. Kibanda hicho ndicho kilichonipeleka chuo kikuu kusomea uhandisi wa umeme, kwa mkopo na basari na harambee ya kanisa. Kisha ikaja 2020. Stendi ikanyamaza, kibanda kikafungwa miezi mingi, na vyuo vilipofunguliwa tena nilikuwa na deni la ada mgongoni. Mwaka uliofuata dadangu akapata nafasi ya kusomea uuguzi. Pesa zilizopatikana, ukijumlisha za mathe, za mjomba na za mbuzi aliyeuzwa, zilitosha mtu mmoja.

Tulikaa watatu kwenye benchi nyuma ya kibanda. Nilisema mimi nitasimama kwanza, yeye aende, akimaliza nirudi. Mathe hakusema kitu, alikuwa anachambua maharagwe ambayo tayari yalikuwa yamechambuliwa. Dadangu alinishika mkono. "Nitakurudisha, kaka. Haki ya Mungu." Hakuna aliyeandika chochote. Nani anaandikishana na dadake?

Alimaliza 2024. Mimi ndiye niliyemshikia mkoba siku ya mahafali wakati akipigwa picha. Akapata kazi hospitali ya kibinafsi Mombasa. Mshahara wa kwanza ukawa mabati mapya ya nyumba ya mathe, kwa sababu paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda chake. Kisha friji ya kibanda. Kisha akachukua mkopo wa sacco kununua kiploti. Kisha binamu yetu akakosa ada ya shule ya upili, naye akailipa. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ningeweza kusema ni cha upuuzi. Kila Jumapili hunipigia simu.

"Kaka, uko aje?"

"Niko sawa."

Swali langu basi ni hili: treni inayongoja inamdai nani? Je, yule aliyepishwa ana deni?

Nianze na upande unaoniumiza. Treni nyekundu kwenye meza yangu haina subira. Ilisimama kwa sababu haikuwa na stima, basi. Subira ni ya mtu anayeweza kuondoka na haondoki. Mimi nilipotoka chuo sikuwa na ada. Hata dadangu asingepata nafasi popote, bado ningekuwa na deni lile mgongoni. Sasa nilijinyima nini? Kuna siku nimejiambia kwamba nilifeli kulipa kama wengine wengi, kisha nikaivalisha hali yangu nguo za sadaka ili nisione aibu.

Lakini hesabu hiyo haijakamilika. Pesa za mtu mmoja zilipatikana. Kwa hivyo mbele yetu hatukuwa na swali la kama kuna atakayesimama. Lazima mmoja angesimama. Swali lilikuwa ni nani, na rilei ingeweza kulala upande wowote. Nilikuwa tayari nimemaliza miaka miwili, na wengine wangesema ndiyo sababu ya kunimalizia mimi kwanza. Sikutoa stima, kwa sababu sikuwa nayo. Nilitoa zamu.

Na zamu ni kitu cha aina yake. Wazee wetu wametuachia methali mbili ambazo ukiziweka chumba kimoja zitapigana. Moja inasema tenda wema nenda zako. Nyingine inasema dawa ya deni ni kulipa. Mathe ni mtu wa ile ya kwanza. Nilipomgusia jambo hili mwaka jana alinijibu kwa upole kwamba mtoto wa tumbo moja hadaiwi. Rafiki yangu mmoja, yeye ni mtu wa ile ya pili, aliniambia nimtumie dadangu nambari ya akaunti niache hadithi.

Nafikiri wote wawili walikosea jina la kile nilichotoa. Wema unatoka kwa kilichozidi, au hata kwa kilichopungua, lakini ukishatoka umetoka. Deni nalo lina kiasi, na ukilipa mmeachana. Zamu haiko hivyo. Itazame chama ya mathe. Wanawake kumi, kila mwezi kila mmoja analeta mchango wake, na mwezi huu anabeba huyu, mwezi ujao yule. Anayebeba wa kwanza hawashukuru wenzake kwa machozi, wala hakuna anayemwita mwema akileta mchango mwezi unaofuata. Ni kawaida. Lakini akibeba kisha akapotea, wanawake wale hawasemi amekosa shukrani. Wanasema ametuvunjia mzunguko. Kosa lake liko kwa yule wa kumi ambaye zamu yake haitafika, mtu ambaye pengine hata hajawahi kumwomba kitu.

Kwa hivyo jibu langu ni kwamba ndiyo, aliyepishwa anadaiwa, na anachodaiwa ni kufika. Afike mahali fulani, apunguze mwendo, na kufika kwake kumfungulie mwenzake. Kwenye reli moja huwezi kuondoa kungoja. Nchi yetu imejaa nyumba zenye pesa za mtu mmoja na watoto wanne. Lazima mtu asimame. Haki haiwezi kuwa kwamba hakuna anayesimama. Kungoja kunakuwa haki pale tu kuondoka kwako kumefungwa kwenye kufika kwa mwingine, kwa waya ambao mtu akiufuata kwa kidole anauona unaanzia wapi na unaishia wapi. Kungoja kusikofungwa kwenye chochote ni kuachwa tu, hata kama waliokuacha wanakupenda na wanakupigia kila Jumapili.

Najua utaniuliza kuhusu paa. Paa la mathe lilikuwa linavuja. Ningesema nini, kwamba muhula wangu ni muhimu kuliko kitanda cha mama yangu kulowa? Nisingesema. Ningekuwa mimi mwenye mshahara huo ningenunua mabati yale yale. Na hapo ndipo ugumu ulipo. Treni inayozunguka haikosi sababu ya mzunguko mmoja zaidi. Kila sababu ni ya kweli. Paa ni la kweli, binamu ni wa kweli. Watu wanaopendana hawadhulumiani kwa chuki. Wanadhulumiana mzunguko kwa mzunguko, na ukiusimamisha mzunguko wowote ule kuukagua, hutauona ubaya wake.

Ndiyo maana watu wa reli waliacha zamani kutegemea nia njema. Usiku wa tarehe 10 Septemba 1874, karibu na Norwich kule Uingereza, treni mbili ziligongana uso kwa uso kwenye njia moja, pahali panapoitwa Thorpe. Treni ya haraka kutoka London ilikuwa imechelewa. Ya barua ilikuwa inangoja stesheni ya Brundall, upande wa pili. Mkaguzi wa zamu ya usiku na karani wa telegrafu pale Norwich walielewana vibaya: ujumbe wa kuiita treni ya barua ukatumwa bila kutiwa sahihi, kisha ile ya haraka nayo ikaruhusiwa kuondoka. Walipotambua, walituma ujumbe wa kuizuia ya barua. Jibu likarudi kwamba imeshaondoka. Watu zaidi ya 20 walikufa.

Nimesoma kuhusu usiku ule mara nyingi kuliko inavyonifaa. Kinachonikaa akilini ni zile dakika baada ya jibu. Treni mbili zinakwenda, na watu wawili stesheni wanajua, na hakuna mkono unaoweza kuzifikia.

Miaka minne baadaye, 1878, Edward Tyer alipata hataza ya mashine zake. Moja inakaa stesheni hii, nyingine stesheni ile, zimeunganishwa kwa waya. Ndani yake kuna visahani vya kushika mkononi. Dereva haingii njia moja bila kisahani, na kikishatolewa kimoja, mashine zote mbili zinafunga: hakitoki kingine hadi kile kirudishwe upande wowote kati ya hizo mbili. Aina nyingine za ufunguo huo wa reli ziliitwa tokeni. Sisi neno tunalijua kwa zile nambari ishirini za kuingiza kwenye mita ili stima irudi, na kwa maana fulani ni kitu kile kile: huna tokeni, huna mwendo.

Wale wawili wa Norwich hawakuwa waongo. Kama somo lingekuwa "tuajiri watu waaminifu zaidi," kingetokea kingine. Waliona kwamba maneno kati ya watu wanaoaminiana hayatoshi pale njia ni moja, na kwamba kumpa mtu kisahani mkononi hakumtukani. Mimi kwa miaka mingi niliamini kwamba kuandikishana na dadangu kungekuwa tusi. Kumbe kungekuwa zawadi. Kungemwambia ni wapi atakapokuwa amefika.

Kwa sababu, na hapa sasa lazima nigeuze kidole, hatukumwambia. Tulisema "akimaliza." Akimaliza nini? Diploma? Majaribio ya kazi? Paa? Mtu asiye na alama ya kufikia, hata awe mwaminifu kiasi gani, atazunguka tu, maana hakuna pahali patakapomwambia hapa ndipo. Sumaku huwa chini ya treni inayokwenda, hilo ni kweli. Lakini haijibandiki. Hubandikwa kabla ya safari, na aliyepaswa kuibandika ni yule aliyekuwa na wazo la kusimama.

Kuna jingine baya zaidi. Pasaka iliyopita dadangu alinitembelea. Akakaa kitandani na soda yake akitazama treni, akicheka, akinipiga picha. Kisha akauliza, "Hii nyekundu imesimama inangoja nini?" Nikamweleza habari ya rilei na vichupa, vizuri kabisa, kama mwalimu. Angeniuliza kuhusu kapasita ningemjibu pia. Alikuwa amekaa futi tatu kutoka kwangu na ameliuliza lile swali lenyewe, nami nikamjibu kuhusu stima.

Na kila Jumapili, "Niko sawa." Nilijidanganya kwamba ni upendo, kwamba simtwiki mzigo. Ukweli ni kwamba nilitaka akumbuke mwenyewe. Deni linalokumbukwa bila kudaiwa lina ladha ya kupendwa, na linalodaiwa lina ladha ya risiti. Nilitaka ile ladha ya kwanza, na kwa ajili yake nikazima taa zangu zote kwenye njia ya pembeni, kisha nikamlaumu moyoni kwa kutoniona gizani. Anayengoja ana haki ya zamu yake. Lakini ana wajibu pia, na wajibu wake ni kuonekana.

Wiki mbili zilizopita nilimpigia mimi, Jumatano, siku ambayo si yetu. Nikamwambia. Sikulisema vizuri. Nilitaja benchi, maharagwe, mwaka, nikasikia sauti yangu inapanda, nikanyamaza.

Alikaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika.

"Mimi nilijua uliacha," akasema. "Kila nikikuuliza unasema uko sawa. Nilidhani umepata njia yako na haya mambo yako ya kuandika."

"Sikuacha. Nilisimama."

"Mbona hukusema?"

Sikuwa na jibu zaidi ya hili ninaloliandika sasa. Hakulia, wala hakuomba msamaha, na nashukuru hakuomba, kwa sababu sina hakika ni nani alipaswa kumwomba mwenzake. Aliniambia mkopo wa sacco unaisha Machi. Aliniambia mathe asijue tumegombana, nikamwambia hatujagombana. Kisha akasema ana zamu ya usiku, lazima aondoke.

Saa sita usiku ikaingia meseji. "Kuanzia Aprili, naweka ya muhula. Septemba urudi kama bado unataka. Nimeandika, sasa unaweza kunidai."

Sijui kama bado nataka. Sijui kama watanirudisha, au kama miaka yangu miwili ya zamani itahesabiwa, au kama kichwa kilichoandika habari za magodoro muda wote huu bado kinaweza kukaa darasani na vijana wa miaka kumi na tisa. Huenda ikafika Septemba nikamwambia asante, peleka kwa binamu. Lakini nikisema hivyo, nitakuwa ni mtu mwenye stima aliyeamua kukaa.

Sumaku nimeibandika upya, kwa gundi ya fundi viatu aliye hapo nje ya geti. Aliniuliza ni ya kiatu gani.